Mbuyu Usioimbika

Mpiga udi amekwisha kutoa kianzio. Mwimbaji kavuta pumzi, kafungua kinywa, na papo hapo kakifunga tena, kwa sababu neno la kwanza kwenye karatasi ni "Mbuyu", na "m" haiimbwi kinywa wazi.

Akajaribu mara ya pili. Kikatoka kitu kama mvumo wa nyuki, kisha "buyu".

"Mwanangu, hii m yako niiweke wapi?"

"Mbona mizani imetimia, bi? Hesabu. Nane na nane."

"Imetimia karatasini."

Mshororo uliozua kesi ni huu: *Mbuyu umeanguka, kivuli nimekikosa.* M-bu-yu-u-me-a-ngu-ka, nane. Ki-vu-li-ni-me-ki-ko-sa, nane. Mwalimu wa ushairi angeupigia vema bila kuutazama mara mbili. Mshairi hakukosea hesabu, na mwimbaji hakukosea kulalamika.

Neno hilo, "imetimia karatasini", limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Ukiuliza sanaa nyingine zinamkuzaje mwandishi, jibu tulilozoea ni kwamba akijishughulisha na muziki, uchoraji au ufundi wa mikono atapata hamasa na kupanua kipaji chake. Siliamini sana jibu hilo. Hamasa hupatikana hata kwa kikombe cha kahawa. Nadhani kinachomkuza mwandishi ni kwamba sanaa nyingine haimwonei haya. Rafiki atakusifia shairi ili muendelee kuwa marafiki. Udi hauna urafiki na mtu.

Hesabu mbili

Tuanze na hiyo "m", maana wengi huihesabu bila kujua wanahesabu nini.

"Mbuyu" na "mbuzi" yanaanza kwa herufi zilezile, lakini mbuyu ni mizani tatu (m-bu-yu) na mbuzi ni mbili (mbu-zi). Kipimo chepesi ni wingi. Mbuyu huwa mibuyu, "m" ikageuka "mi", kwa hiyo ilikuwa na kiti chake tangu awali. Mbuzi hubaki mbuzi, na "m" yake imempanda mgongoni "b". Vijineno vifupi kama mbu vina sheria yao: hapo "m" hujitegemea, m-bu, ingawa wingi haubadiliki.

Sasa, kuwa na kiti ni jambo moja na kupewa noti ni jambo jingine. Noti ndefu inataka irabu. Kwa "a" na "o" mwimbaji hutanua kinywa akakaa humo atakavyo. Kwa "i" na "u" njia hubana, hasa sauti inapopanda juu. Kwa "m" midomo imefungwa kabisa, na sauti inatokea puani. Mshororo unaoanza kwa "m" juu ya pigo zito ni mlango uliojengwa bila bawaba.

Kosa la pili lilijificha zaidi. "Mbuyu umeanguka" ina "yu" inayofuatwa na "u". Macho huziona mbili, lakini mdomo unaokwenda mbio huzitamka moja: *mbuyumeanguka*. Ukipoteza "m" mwanzoni na "u" katikati, mizani nane zimebaki sita, na mpiga dumbaki anakutazama kana kwamba umemwibia.

Kuna na mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na lahani isiyojali hilo humchosha msikilizaji hata kama hajui kwa nini. Wanaobisha wajaribu kulitamka "barabara" kwa mkazo wa kawaida, kisha waurudishe mkazo nyuma kwa silabi moja. La kwanza hupita magari. La pili maana yake ni sawasawa kabisa.

Ukiwa huna bendi, meza inatosha. Gonga kwa kifundo cha kidole, pigo moja kwa kila nusu sekunde, na useme mshororo ukiweka mizani moja kwa kila pigo. Mizani 16 zitakula sekunde nane, na hiyo ni pumzi moja ya mtu wa kawaida bila madoido yoyote. Jirekodi kwa simu. Kisha mpe mtu ambaye hajaliona shairi asikilize na kuandika anachosikia. Usimsahihishe. Pale alipoandika vingine ndipo penye tundu.

Kurekebisha hapa, kubomoa pale

Tiba ya kwanza inayomjia kila mtu ni kugeuza mpangilio: *Umeanguka mbuyu.* Mizani nane bado zipo. "M" sasa inaegemea "ka" iliyotangulia, na mwimbaji anapita bila kujikwaa. Lakini kina cha kati, yaani silabi inayofunga nusu ya kwanza ya kila mshororo, kimekuwa "yu". Tafuta maneno mengine matatu ya kuishia na "yu" uone. Utapata "huyu", kisha utaanza kuokota maneno yasiyo na kazi ili yaje yajaze nafasi.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kusema muziki unaharibu ushairi.

Jaribio la pili: *Ulipokuwa mbuyu.* Nane tena, na kuna jambo limetokea bila kuombwa. Kitenzi cha kuanguka kimetoweka. Hatuambiwi mti umeanguka, tunaonyeshwa pengo lake. Kina, hata hivyo, bado ni kilekile cha "yu".

Jaribio la tatu: *Pale Mbuyuni jana.* Pa-le-m-bu-yu-ni-ja-na. Mlango unafunguka kwa "a", ambayo mwimbaji anaweza kukaa nayo. "M" imejibanza baada ya "le" na haimsumbui mtu. Kina ni "na", ambacho Kiswahili kinacho tele. "Jana" inadai wakati uliopita, kwa hiyo utao, yaani nusu ya pili ya mshororo, nao unabadilika: *Pale Mbuyuni jana, kivuli nilikikosa.*

Na tazama jina lenyewe. Pwani na bara kuna Mbuyuni nyingi, na mti ukishaondoka jina hubaki. Mshairi alipoanza alikuwa na habari ya mti. Sasa ana mahali, siku, na mtu aliyetafuta kivuli akakikosa.

Badiliko hilo hakulipata kwa kufikiri sana. Alilipata kwa sababu bibi mmoja alikataa kuvuma kama nyuki.

Santuri ilivyokata maneno

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili. Hakuwa amesoma shule, na Shaaban Robert, bingwa wa kalamu, ndiye aliyekuja kuandika wasifu wake. Watu hukumbuka sauti yake, nami hukumbuka pia muda aliopewa: upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ya zama zile ulibeba kama dakika tatu. Barazani wimbo ungeweza kukesha. Kwenye santuri, ubeti usio na kazi uliachwa.

Mshororo wa taarabu huimbwa, hurudiwa, huitikiwa. Maneno yanayoishiwa nguvu yakisikika mara ya pili hayafai kwa taarabu. Mimi huongeza kwamba hayafai hata kwa karatasi, ila karatasini hakuna mtu wa kukuzomea.

Ni mwezi gani?

Mchoro nao una ukali wake, na ni ukali wa namna nyingine. Hausemi neno lako ni baya. Hukuuliza tu mambo ambayo maneno yaliyakwepa.

Chukua karatasi moja na penseli, na ujipe dakika 20. Kabla ya kuchora mti, weka nukta ya jua, kisha nukta ya mtu aliyesimama, kisha mstari wa upande kivuli kinakoangukia. Usitie rangi wala weusi wowote mpaka hivyo vitatu vimekaa. Anayeanza na majani huishia kupata mti mzuri usiokuwa mahali popote.

Nukta ya jua inauliza: ni saa ngapi? Karibu na ikweta, saa sita mchana jua liko utosini na kivuli cha shina hujikunja miguuni pa mti wenyewe. Asubuhi au alasiri kingelala mbali. Mtu anayelalamika kukosa kivuli yumkini amefika mchana.

Kisha penseli inafika kwenye matawi, na hapo inasimama.

Mbuyu hupukutisha majani. Miezi mingi ya kiangazi husimama uchi, matawi yamenyanyuka kama mizizi, hadi mvua zirudi. Kila aliyekulia karibu nao analijua hilo. Mshairi pia alilijua, ila kalamu haikumuuliza. Kumbe basi mtu anaweza kufika Mbuyuni, akaukuta mbuyu umesimama imara, shina la kukumbatiwa na watu kadhaa, na bado akakosa kivuli.

Mti haukuanguka. Haukuwa na haja ya kuanguka.

Hili lilinikalisha kitako. Wimbo ulikuwa umeliondoa neno "umeanguka" kwa sababu za kinywa tu. Mchoro ukaja kuonyesha kwamba lilikuwa halihitajiki hata kwa maana. Jambo zito likiwa limesimama mbele yako na halikufai ni chungu kuliko jambo lililoondoka, kwa sababu kilichoondoka utakililia na watu watakupa pole.

Mjini Lubumbashi, Kongo, mwaka 1973 na 1974, Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya nchi yake, na picha 101 zikanunuliwa na mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Maandishi juu ya picha yalikuwa ya Kifaransa, lakini maelezo aliyatoa kwa mdomo, kwa Kiswahili cha Shaba (Katanga), kinasa sauti kikizunguka. Mgawanyo huo wa kazi unanivutia: picha inashika mpangilio na ushahidi, mdomo unashika ubishi. Ukichora kwanza halafu ukasimulia mbele ya mchoro wako mwenyewe, utajisikia ukisema "hapa hapaonekani, lakini…". Andika kinachofuata baada ya "lakini". Mara nyingi ndicho ulichokuja kusema.

Herufi 30

Kanga ina pindo pande zote, mji katikati, na jina lake karibu na pindo la chini. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana. Majina ya awali yaliandikwa kwa hati za Kiarabu kabla ya hizi za Kirumi kushika, na kisutu cha harusi mara nyingi kimekaa bila jina kabisa, hakina haja ya kusema.

Kwa zoezi la uandishi, chora kisanduku cha sentimita 60. Kila herufi pamoja na nafasi yake ipe sentimita mbili. Una nafasi 30, na kila mwanya kati ya maneno nao unakula nafasi moja.

*Pale Mbuyuni jana kivuli nilikikosa* inataka nafasi 35. Haiingii.

*Kivuli nilikikosa Mbuyuni* ni 25. Inaingia, lakini haivaliki. Nani atanunua doti nzima kutangaza kwamba yeye alichomwa na jua?

Jina la kanga haliandikwi kwa ajili ya aliyelitunga. Litavaliwa na mwingine, litamlenga mwingine tena, na atakayelisoma atakuwa nyuma ya mvaaji, kwa sababu likishafungwa kiunoni maneno huangukia makalioni. Mvaaji hakusema kitu. Anakwenda zake sokoni. Kama kuna aliyeumia, hilo ni lake yeye na maneno.

Kwa hiyo "ni" ya "nilikikosa" lazima itoke. Na "jana" isirudi.

MBUYUNI HAKUNA KIVULI

Nafasi 21. Kilio kimekuwa kijembe. Mke anaweza kumvalia mume, mpangaji akamvalia mwenye nyumba, na yeyote kati yetu anaweza kumvalia mkubwa wa kazini ambaye shina lake ni pana na matawi yake matupu. Mshairi amepoteza umiliki wa huzuni yake, na ndiyo kwanza imeanza kufanya kazi.

Nakiri nilisita hapa. Si kila huzuni inapaswa kugeuzwa methali. Kuna mambo yanayotaka "mimi" ibaki, na jana ibaki jana, na anayeyapiga pasi yakawa laini anayaua. Sina kanuni. Ninachojua ni kwamba mtu asiyewahi kuitoa "ni" hata mara moja hawezi kujua kama aliiweka kwa makusudi au kwa mazoea.

Kioo

Kuchonga lino, yaani kipande cha linoleamu kinachochongwa kisha kikapakwa wino na kupigwa chapa karatasini, ni ufundi wa polepole, na polepole hiyo ndiyo dawa yake. Kipande cha unene wa milimita tatu hivi kinatosha. Kikiwa kigumu kianike juani dakika chache, kitalainika na patasi itateleza bila kurukaruka. Patasi ya ncha ya V ni ya mistari, ya ncha ya U ni ya kufukua. Mkono unaoshika lino ukae nyuma ya patasi siku zote, kamwe usiwe mbele yake. Asiye na lino hukata soli ya kandambili iliyochoka: haishiki mistari myembamba, lakini herufi kubwa zitatoka.

Maandishi huchongwa kinyume, kama yanavyoonekana kwenye kioo. Andika kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, igeuze kifudifudi juu ya lino, sugua kwa ukucha, risasi ya penseli itahamia. Wino uwe mchache. Rola ikitoa mlio mwembamba kama wa mafuta kikaangoni, kipimo ni sawa. Ikilia chepechepe umezidisha, na matumbo ya A na B yatazibwa. Laza karatasi juu, sugua kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati kwenda kando.

Katika MBUYUNI HAKUNA KIVULI mna herufi 19. Kumi na tatu hazijali kioo: M, U, Y, I, H, A, V ni zilezile ukizigeuza. Zinazobaki ni sita: B moja, K mbili, L moja, N mbili. B, K na L ukizikosea utashtuka mapema, maana zinageuza uso waziwazi. N ndiyo mchawi. Ikichongwa vibaya bado inaonekana kama N kwa jicho lililochoka, na kosa halijitangazi mpaka karatasi inyanyuliwe.

Mchongaji anayeanza afanye herufi nyeupe, yaani achonge herufi zenyewe na kuacha ardhi ibebe wino. Kuchonga ardhi yote na kuacha herufi zimesimama ni kazi mara nyingi zaidi, na mguu wa K ukikatika haurudi.

Mwandishi anajifunza nini kwa kuchonga B kinyume? Anajifunza bei. Kwenye kompyuta neno la ziada ni bure. Hapa "sana" moja ni herufi nne na kidole chenye lengelenge. Nimewahi kuona sentensi ikifupishwa na uvivu wa mkono, na ikawa bora kuliko ilivyofupishwa na akili.

Shaka

Lakini kuna njia ya kuyafanya haya yote na usikue hata kidogo.

Hadithi imekwama ukurasa wa 40, mtu anachukua gitaa. Wimbo umekwama kiitikio, anachukua brashi. Rangi haijakauka, ameshajiandikisha darasa la ufinyanzi. Kila sanaa inamfaa kwa kuwa ni mpya, na inakoma kumfaa siku inapoanza kumkatalia. Anaita hali hiyo kuchanganya sanaa. Mimi naiona kama mtu anayehama nyumba kila kodi inapokaribia.

Mbuyu wetu umenipa kipimo kimoja cha kutenganisha kuhama na kukua: andiko lilelile ndilo linalosafiri. Mshororo mmoja ulikwenda kwa mwimbaji, kwa penseli, kwa kisanduku cha kanga, kwa patasi, na kila ulikorudi ulirudi umebadilika neno. Kama umetoka kwenye udi na shairi liko vilevile, basi ulikwenda kusikiliza muziki. Si vibaya, muziki ni mtamu.

Halafu sanaa moja ya nje kwa wakati mmoja. Mwimbaji na patasi wanataka vitu vinavyogombana: yeye anapenda "a" nyingi zilizonyooka, patasi inapenda herufi chache. Ukiwasikiliza wote wawili siku moja hutaandika kitu.

Kurudi karatasini

Ubeti uliorudi ni huu:

*Pale Mbuyuni jana, kivuli nilikikosa,*
*Shina lile pana sana, majani yamelitosa,*
*Jua kali la mchana, kichwa likanipapasa,*
*Nikauita kwa jina, ukanijibu: si sasa.*

Mbuyu wenyewe hautajwi tena kama mti. Umebaki ndani ya jina la mahali na ndani ya "u" ya "nikauita". Mchana ni wa mchoro, kutoswa ni kwa kanga, na ufupi wa jibu la mwisho una harufu ya lino.

Mwimbaji ameukubali, na kwenye "Pale" anakaa muda mrefu kuliko alivyopangiwa. Analotaka sasa ni dumbaki inyamaze pigo moja kabla ya "si sasa". Mpiga dumbaki hataki. Anasema hesabu haitatimia.